Turubai Likishushwa, Msiba Haujaisha: Mwongozo kwa Jumuiya

Nimekuwa katibu wa jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki hapa Dar es Salaam kwa miaka 11, na katika miaka hiyo nimeandika tanzia nyingi kuliko kadi za harusi. Tuko kaya 34. Tunasali kila Jumamosi saa 12:30 asubuhi, leo kwangu, wiki ijayo kwako, kabla watu hawajatawanyika kwenda kutafuta riziki. Msiba ukitokea, kazi ya mwanzo tunaiweza. Hazipiti saa mbili turubai limesimama, viti vimeshushwa, maji yamechemka, na kina mama wameshatandika mikeka sebuleni. Hilo hatuhitaji kufundishwa.

Tunapolegea ni siku ya nne. Matanga yameanuliwa, turubai limeshushwa, sufuria zimerudi stoo, na yule mama aliyekuwa amezungukwa na umati anabaki na watoto wake na kuta nne. Nimeliona hili mara nyingi mno, na mara nyingine mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa walioondoka. Ndiyo sababu nimeketi kuandika mwongozo huu.

Nimeuandika kwa utaratibu wa jumuiya ndogondogo za Kikatoliki kwa kuwa ndiko nilikolelewa, lakini ndugu zetu wa KKKT (Walutheri), Moraviani na Anglikana wanaosali nyumba kwa nyumba wataona mengi yanawahusu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa jumuiya hizi nafasi ya kwanza katika uchungaji wa eneo letu, walitaka Kanisa liwe pale watu wanapoishi na kufahamiana. Pale watu wanapoishi ndipo wanapofiwa.

Hatua ya 1: Jiandaeni mkiwa salama

Nunueni daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Kila kaya iandikwe ukurasa wake: majina ya wote waliomo, namba za simu, ndugu wa karibu aliye nje ya nyumba hiyo, kwao ni wapi, na alibatizwa parokia gani. Ongezeni swali moja ambalo watu hulikwepa: ukifariki, ungependa uzikwe hapa au upelekwe kwenu? Wazee wetu walilijibu bila kusita, tena wengine kwa furaha, kama watu waliokuwa wakisubiri kuulizwa. Vijana ndio walioogopa. Swali hilo moja limetuepusha na ugomvi mkubwa kati ya mke anayesema "alitaka kuzikwa hapa" na kaka anayesema "kwetu hatuzikwi mjini".

Kuhusu mfuko wa msiba, wekeni kiwango cha kila mwezi ambacho hata anayeuza mchicha kwenye beseni anakiweza. Mfuko wenye kiwango kikubwa huishia kuwa wa watu kumi wenye mishahara, na siku ya msiba wale wengine hujiona wageni kwenye jumuiya yao wenyewe.

Vyombo navyo viwe vya jumuiya. Sisi tuna sahani 120, sufuria nne kubwa na majagi, vyote vimepakwa tone la rangi nyekundu kitakoni ili visichanganyike na vya mfiwa. Jambo dogo, lakini mfiwa hatakiwi kuanza kubishana juu ya sahani za nani siku mbili baada ya kuzika.

Na hapa niseme wazi. Zipo jumuiya ambazo mtu akifa, daftari la zaka hufunguliwa kabla ya mlango wa mfiwa. "Hakuwa anasali jumuiya." "Ana deni la miaka miwili." Nalielewa chimbuko lake, kwa sababu wapo wanaotukumbuka siku ya jeneza tu. Lakini marehemu halipi tena zaka. Anayeadhibiwa ni mke, mama, mtoto. Nendeni kwanza. La deni lizungumzwe na walio hai, wakati wa amani.

Hatua ya 2: Saa ya kwanza

Simu ikiita saa tisa usiku, mpokeaji aulize mambo matatu tu: nani amefariki, mfiwa yuko wapi sasa hivi, na yuko na nani. Mengine yasubiri.

Msiandike chochote kwenye grupu la WhatsApp kabla ya familia kusema kwamba ndugu wote wa karibu wameshaambiwa. Kijana mmoja wa jumuiya jirani alijua baba yake amefariki kwa kusoma "R.I.P. mzee wetu" akiwa ndani ya daladala, na simu za nyumbani zilikuwa bado hazijamfikia. Baadaye alisema kilichomuumiza ni kwamba konda alikuwa anamdai nauli na yeye hakuweza kufungua mdomo.

Wapeni watu wawili kazi ya kwenda mara moja, mwanamke na mwanamume ikiwezekana, wasiwe viongozi lazima, ila wawe watu ambao mfiwa amewazoea. Wabebe sukari, majani ya chai, mkate, maji ya kunywa na vocha. Wakifika, "pole mama", "pole baba" inatosha. Wasianze kuuliza "ilikuwaje?", kwa sababu swali hilo mfiwa ataulizwa na kila atakayeingia, na kila mara atakapolijibu atafiwa upya mbele ya mgeni. Ni bora mtu mmoja wa familia, msemaji wa familia, ndiye awaeleze wanaoingia ilikuwaje.

Rafiki zake Ayubu walipomwendea waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila mmoja wao kumwambia neno, kwa maana waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hizo ndizo siku walizomfaa. Walipoanza kueleza kwa nini mambo yamempata, ndipo walipomtonesha. Mimi huwakumbusha wanajumuiya hili kila mwaka, na kila mwaka yupo mmoja anayesahau.

Hatua ya 3: Gawaneni kazi, na karatasi zisisahaulike

Kamati ya msiba ikae siku hiyo hiyo, wajumbe wasizidi saba, na awepo mtu wa familia mwenye sauti. Kazi za kupika, viti, usafiri na matangazo kila mtu anazijua. Nitasema juu ya zile zinazoharibika.

Paroko apigiwe simu kabla familia haijapanga siku na saa. Nimeona jeneza likikaa kwenye uwanja wa kanisa saa mbili kwa kuwa kulikuwa na ndoa, na wote walikuwa na haki ya kuwapo pale, maarusi na wafiwa. Katekista ndiye mlango wa kwanza, mpigieni yeye.

Karatasi apewe mtu mmoja mtulivu, mwenye bahasha ya kaki. Kifo kikitokea hospitali, hospitali hutoa tangazo la kifo na kibali cha kuzika. Kikitokea nyumbani, anzeni kwa mjumbe na ofisi ya mtendaji. Tangazo hilo msilitupe wala kulikunja mfukoni, maana ndilo linalotumika kuombea cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Bila cheti, mjane hafungui mirathi wala hafuatilii mafao ya mumewe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na benki haitamgusia akaunti ya marehemu. Mfiwa halifikirii hili wiki ya kwanza. Nyinyi mlifikirie kwa niaba yake, na tangazo likae pamoja na kitambulisho cha marehemu, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Fedha. Kwenye msiba mmoja wa jumuiya yetu michango ilitumwa kwenye simu tatu tofauti, na ilipofika siku ya tatu hakuna aliyeweza kujumlisha. Hakuna aliyeiba, naamini hivyo mpaka leo, lakini ndugu wawili waliacha kuzungumza kwa ajili ya shilingi ambazo pengine zilikwenda kwenye mchele. Tangu siku hiyo namba ya kupokelea ni moja, jina linalotokea kwenye muamala ni la mwekahazina, na yupo mwingine anayeandika kila kiasi kwenye daftari kinapoingia. Siku ya tatu tunamwita mfiwa na mtu wa familia, tunawasomea: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Kilichobaki kinakabidhiwa mkononi mwa mfiwa mwenyewe. Rambirambi ni yake. Haigeuzwi kuwa soda za kuagana.

Na chakula kiwe cha kawaida. Wali maharage unatosha, makande yanatosha. Msiba unaopikwa kama harusi huacha madeni dukani, na mwenye duka akimaliza kusema pole humfuata mfiwa.

Hatua ya 4: Usiku wa kukesha, na maneno ya kuchunga

Kina mama watalala sebuleni na mfiwa, kina baba nje chini ya turubai wakizungukia moto au karata. Mpangilio huu tulioukuta una hekima, kwa sababu mfiwa akiamka saa nane za usiku anakuta mtu ubavuni. Mwachieni nafasi ya kulala lakini. Sala ziwe na saa zake, jioni na asubuhi, na nyimbo zishushwe ikifika saa tano usiku. Rozari moja iliyosaliwa polepole humfariji mtu kuliko spika inayotikisa mabati hadi alfajiri.

Sasa maneno. Mtoto wa miaka sita alifariki katika jumuiya yetu kwa homa iliyomchukua kwa siku mbili. Mmoja wetu, mtu mwema kabisa, akamshika mama wa mtoto mkono, akasema lile neno tunalolisema wote: "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Mama akainua uso, akauliza kwa sauti ya chini: "Kwani mimi nilimpenda kidogo?" Sebule nzima ikanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, nimeshika beseni la kunawia, na sikujua nilitue wapi.

Tangu hapo tumekubaliana maneno kadhaa tuyaache nje, mlangoni, pamoja na viatu. "Usilie." "Jikaze, wewe ni mwanaume." "Utapata mwingine." "Ni mapenzi ya Mungu" ikisemwa na mtu ambaye jioni anarudi kwa wanawe wote wazima. Mfiwa mwenyewe akisema "Bwana alitoa, Bwana ametwaa", hiyo ni imani yake na imemgharimu, muitikieni. Msimtangulie kuisema. Yesu kabla hajafika kwenye kaburi la Lazaro alijua atamfufua, na bado alilia.

Maneno yanayofaa ni mafupi: "Pole sana." "Nipo hapa." "Nitalala hapa leo." Na jina la marehemu litajwe. Wengi wetu tunaogopa kulitaja tukidhani tutamwamshia uchungu, kumbe uchungu haukulala. Kisa kidogo cha kweli juu ya marehemu, alivyokuwa akichelewa jumuiya kwa sababu ya kuku wake, alivyokuwa akiimba sauti ya pili peke yake, kinaweza kumfanya mfiwa acheke na kulia kwa wakati mmoja. Hicho ni chakula.

Watoto wa marehemu wasifukuzwe kwenda kucheza kwa jirani siku zote tatu. Waambiwe ukweli kwa maneno wanayoyaelewa: baba amefariki, mwili wake hautaamka, tutamzika, na wewe utaendelea kukaa na mama. Mtoto aliyeambiwa "baba amelala" huweza kuanza kuogopa kulala. Aliyeambiwa "amesafiri" hukaa getini. Mteueni mtu mzima mmoja, shangazi au mama mdogo, ambaye kazi yake msibani ni watoto hao tu: wamekula, wameoga, wamelala na nani.

Hatua ya 5: Siku ya kuzika

Hapa sina mengi, maana padre ana kitabu chake na kwaya ina nyimbo zake. Nina matatu.

Wakati wa kuaga, asilazimishwe mtu kuuona uso wa marehemu, wala asizuiwe. Muulizeni mfiwa pembeni, mapema, na mtoto mkubwa naye aulizwe.

Wasifu wa marehemu uandikwe na mtu aliyemfahamu, ukurasa mmoja, na majina ya watoto wote yawemo. Narudia, wote. Mtoto wa nje akiachwa kwenye wasifu anazikwa na baba yake akiwa hai. Kamati iwaulize wazee wa familia jambo hilo kabla ya kuchapa.

Na marehemu akisafirishwa kwenda kwao, Moshi au Songea au Bukoba, jumuiya itume watu angalau wawili wafuatane na jeneza hadi kaburini, ikiwezekana kwa fedha za mfuko. Watakaporudi watakuwa na kitu ambacho wengine hatuna: walimwona mfiwa pale alipotupa udongo. Hao ndio watakaobeba hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Siku ya nne hadi arobaini

Mkisoma mwongozo huu kwa haraka, someni hapa polepole.

Jirani zetu Waislamu wana eda. Mjane wao ana miezi minne na siku 10 ambazo kila mtu mtaani anazijua na kuziheshimu, hata asiyesali naye. Sisi hatuna muda uliowekwa namna hiyo, kwa hiyo ulimwengu humtaka mjane wetu awe sawa Jumatatu. Jumuiya ndiyo itakayomtengenezea muda huo.

Tunafanya hivi. Siku ya tatu, kabla ya kukunja mikeka, katibu anafungua daftari na kuandika tarehe 37 zinazofuata, mstari mmoja kwa siku. Kila kaya inachukua siku moja, na chache zinachukua mbili. Siku yako ikifika unakwenda, hata kwa dakika 20. Huna haja ya kubeba neno la Mungu kila mara. Beba nyanya, au kaa umenye naye vitunguu. Ukishindwa, unabadilishana na mwingine, mstari haubaki mtupu. Usiseme "ukihitaji chochote niambie", kwa sababu mfiwa hawezi kuhitaji kwa mpangilio. Mwambie "Alhamisi nitakuja kukuchukulia watoto shuleni".

Wiki ya kwanza kuna jambo ambalo sisi tulijifunza kwa mjane mmoja kijana. Mumewe alikuwa fundi umeme. Simu yake ilibaki juu ya meza, kwenye chaji, na iliita. Wateja hawakujua. Kila ikiita mjane aliruka, kisha sauti isiyomjua iliuliza, "Fundi, vipi, unakuja leo?" Alikuwa akijibu mwenyewe, mara nane, mara kumi kwa siku: amefariki, amefariki, amefariki. Hakutaka kuizima kwa sababu sauti ya muito ilikuwa aliyoichagua marehemu. Mzee mmoja wa jumuiya, naye fundi, aliomba akae na simu ile mchana, airudishe jioni. Alipokea simu kwa wiki mbili. Aliandika waliokuwa wanamdai marehemu na waliokuwa wanadaiwa naye, na fedha za kazi mbili ambazo mjane hakuzijua zikapatikana. Sasa tumeliweka kwenye orodha ya kamati: nani atapokea simu ya marehemu. Laini isizimwe wala namba ya siri isigawiwe ovyo mpaka mambo ya fedha yatulie.

Mgane anahitaji kutembelewa sawasawa na mjane, na huwa tunamsahau kwa kuwa hasemi. Nilimkuta baba mmoja saa nne usiku anapiga pasi sare zilizolowa, kwa sababu hakujua mkewe alikuwa akizifua siku gani. Kadi ya kliniki ya mtoto mdogo hakujua ilipo. Kina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) walikaa naye Jumapili moja mchana, wakamwandikia kwenye karatasi wiki nzima ilivyokuwa ikiendeshwa, wakaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Kina baba nao wamfuate, maana mgane anaweza kuhamia baa bila mtu kugundua, na aliyekaa naye chini ya turubai ndiye anayeweza kumwambia, "Kaka, twende nyumbani."

Halafu kuna ndugu wanaokuja na gari. Naomba jumuiya zijue mipaka yake hapa. Sisi si mahakama, na tukianza kugawa mali tutapasuka wenyewe. Lakini tusinyamaze pia. Mjane asiwe peke yake siku ya kikao cha ukoo; aombe wazee wawili wa jumuiya wakae naye kama mashahidi. Kikao kiandikiwe muhtasari, kimpendekeze msimamizi wa mirathi, na maombi yapelekwe mahakama inayohusika. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa, wala asikabidhi hati ya kiwanja "ikatunzwe". Msimamizi wa mirathi hawi mmiliki wa mali. Anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi na kutoa hesabu mahakamani. Wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata nyingi na huduma yao ni ya bure. Mpelekeni, msimwelekeze tu.

Hatua ya 7: Misiba isiyowekewa turubai

Mimba ikiharibika, au mtoto akifa saa chache baada ya kuzaliwa, mara nyingi hakuna tangazo. Mama anarudi kutoka hospitali na mfuko wa nguo ndogo ambazo hazijavaliwa, na jumuiya inapita mbele ya nyumba ikinong'ona. Nendeni. Muulizeni kama walimpa mtoto jina, na kama walimpa, mumwombee kwa jina hilo. Wengi hudhani Kanisa halina nafasi kwa mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1183, zinampa askofu wa jimbo mamlaka ya kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia abatizwe. Mwombeni paroko, mapema.

Aliyejiua naye anaombewa. Katekisimu ya mwaka 1992 inakumbusha kwamba msongo mzito wa akili, hofu kubwa au mateso vinaweza kupunguza wajibu wa mtu juu ya tendo hilo, inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake, na kusema Kanisa linamwombea. Familia ya namna hii inabeba majonzi na aibu kwenye kichwa kimoja. Ikiwa kuna msiba ambao jumuiya nzima inapaswa kufika mapema na kukaa sana, ndio huu. Msiulize alitumia nini.

Wapo pia wasio na kaburi. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, mamia walikufa na wengine hawakupatikana. Nawafahamu watu ambao hadi leo hawana pa kuweka shada. Mtu wa namna hiyo akiwa kwenye jumuiya yenu, mpeni siku: tarehe hiyo isaliwe nyumbani kwake, picha ya ndugu yake ikiwa mezani na mshumaa.

Hatua ya 8: Akizidiwa

Huzuni si ugonjwa, na haina ratiba. Mwingine atalia miezi sita, mwingine atacheka siku ya tano na kuanguka mwezi wa nane. Msimpime mtu imani yake kwa machozi yake.

Lakini kuna dalili ambazo ukiziona siku ya zamu yako usizikalie: hali chakula wala kulala wiki baada ya wiki, ameacha kuoga na kuwahudumia watoto, anagawa vitu vyake, anasema "afadhali ningekwenda mimi" au "namfuata". Hilo la mwisho muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunamfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake usiku huo, dawa na sumu za panya ziondolewe ndani, na asubuhi apelekwe kituo cha afya akaombewe rufaa ya huduma ya afya ya akili. Sala za kumwombea ziendelee, na dawa ziendelee. Anayemwambia mfiwa kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, jumuiya imrekebishe hapo hapo.

Waangalieni na wale wanaohudumia. Mwenyekiti wetu aliyemaliza muda wake alisimamia mazishi 40 na zaidi. Siku moja baada ya sala alibaki amekaa kwenye mkeka, hawezi kuinuka, analia kwa ajili ya mama yake aliyefariki miaka minne nyuma, kwa sababu siku ile ya mama yake alikuwa akihesabu viti. Kiongozi akifiwa, kazi zote za msiba zichukuliwe na wengine. Yeye akae kwenye mkeka kama mfiwa.

Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza

Arobaini ikifika, wengi husalisha Misa na kula pamoja. Ifanyeni kwa uwezo wa mfiwa. Isiwe msiba wa pili wa gharama.

Baada ya hapo ziara za kila siku zinageuka kuwa za kila mwezi, na tarehe ngumu ziandikwe: Krismasi, Pasaka, siku ya ndoa yao, siku ya kuzaliwa marehemu, siku ya kufungua shule na ada zake. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, na mwezi ule mzima, jumuiya iende makaburini na majembe, ifyeke majani, isali "Raha ya milele umpe, ee Bwana" kwenye kila kaburi lake. Mfiwa wa mwaka huo atembee katikati ya watu, asiachwe nyuma.

Zamu ya kusali nyumbani kwa mfiwa isirukwe kwa kumwonea huruma. Muulizeni. Yule mjane wa fundi umeme alituambia tusubiri, tukasubiri miezi mitano. Jumamosi aliyotukaribisha tulikuta ameshatandika mikeka yote mwenyewe, na kiti cha mumewe kimewekwa pembeni ya dirisha. Mzee fundi, yule aliyekuwa akipokea simu, akasita mlangoni. Mjane akamwonyesha kile kiti. "Kaa hapo, baba."

Ukiandika tarehe ya kumbukumbu ya mwaka kwenye daftari, andika pembeni yake jina la atakayempigia mfiwa simu siku moja kabla.